Mgonjwa na Aingie na Lugha Yake



Muhula wa pili chama chetu kiliandaa mjadala. Hoja ilikuwa: "Anayehamia nchi ya watu aache lugha na desturi zake mlangoni." Mimi nilikuwa upande wa upinzani. Tulishindwa, tena tulishindwa na kidato cha pili! Msemaji wao wa mwisho alisimama, mikono nyuma kama mbunge, akasema, "Mheshimiwa Spika, mtu akienda Marekani akaugua, daktari wa Marekani anamngoja na Kiingereza chake. Ajifunze Kiingereza, atibiwe, apone. Kuna shida gani hapo?" Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi nikabaki kuuma kalamu, maana jibu sikuwa nalo.

Jibu nimelipata sasa, baada ya kura kuhesabiwa na soda kunywewa. Nimelipata kwa kusoma habari za Walatino, yaani wale watu wa Marekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, El Salvador, Guatemala, Kolombia na kwingineko, ambao lugha ya nyumbani kwa wengi wao ni Kihispania. Nimesoma hasa jinsi wanavyotibiwa, na jinsi wanavyokosa kutibiwa, maradhi ya akili na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiyetaka kusoma zaidi aende zake kwenye ukurasa wa vichekesho: katika maradhi ya namna hiyo, lugha na mila za mgonjwa ni sehemu ya dawa yenyewe. Ukimwambia aziache mlangoni, umeiacha nusu ya dawa nje.

Hebu tuanze na neno moja tu.

Mwaka 1980 kijana wa miaka 18 aliletwa hospitalini katika jimbo la Florida akiwa hajitambui. Kabla ya hapo alikuwa amelalamika kichwa kinamuuma sana. Jamaa zake, watu wa asili ya Kuba, walidhani amekula kitu kibaya, wakamweleza daktari kuwa yu "intoxicado". Kwa Kihispania cha Kuba, neno hilo ni la mtu aliyedhuriwa na kitu alichokula au alichokunywa, hata kama ni chakula kilichoharibika tu. Lakini masikioni mwa msemaji wa Kiingereza, neno hilo linafanana mno na neno lao la mtu aliyelewa. Basi ikaandikwa kwamba kijana amebugia dawa za kulevya kupita kiasi. Mkalimani hakuitwa, kwa kuwa kila upande ulidhani umemwelewa mwenzake. Siku mbili zikapita akitibiwa ulevi asiokuwa nao, kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo! Ilipokuja kugunduliwa, mikono na miguu yote ilikuwa imepooza, wala haikurudi tena. Kesi ilipokwisha, malipo yalikadiriwa kufikia dola milioni 71 kwa maisha yake yote.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki husema ni hatari ya neno moja. Ni kweli. Lakini mimi kuna jambo jingine linalonikera zaidi. Kijana Mlatino, hajitambui, na papo hapo jibu ni dawa za kulevya. Haraka hiyo ilitoka wapi?

Sasa nimrudie ndugu yetu wa kidato cha pili na "mgeni" wake. Katika sensa ya mwaka 2020 Walatino walihesabiwa kuwa watu zaidi ya milioni 62, karibu mmoja katika kila Wamarekani watano, na wengi wao wamezaliwa huko huko. Wako wengine ambao babu zao hawakuhama popote, mpaka ndio uliohama! Baada ya vita vya 1846 hadi 1848 Meksiko ilipoteza nchi ambazo leo ni California, New Mexico na majirani zake. Mtu alilala Meksiko akaamka Marekani, na kitanda ni kile kile. Kisiwa cha Puerto Rico nacho kilitwaliwa kutoka kwa Hispania mwaka 1898, na wenyeji wake wakapewa uraia wa Marekani mwaka 1917. Hawa nao tuwaambie waache lugha kwenye mlango upi?

Lakini tuseme ni wageni kweli. Tumpe mpinzani haki yake.

Mtu akiwa na malaria, daktari huchukua tone la damu akalitia kwenye darubini. Darubini haimuulizi mtu lugha yake. Kwa maradhi ya akili, je? Hakuna eksirei ya majonzi, jamani. Daktari wa akili darubini yake ni maneno: unasikia nini, tangu lini, usiku unalala, unakunywa kiasi gani, nani mwingine nyumbani kwenu alikuwa hivyo? Mgonjwa akikosa neno, au daktari akilichukua neno kwa maana nyingine, ugonjwa hauonekani, au unaonekana ugonjwa usiokuwapo.

Tena kila watu wana namna yao ya kuumwa. Huko Puerto Rico na visiwa vya jirani kuna kitu kinaitwa "ataque de nervios", shambulio la neva. Mathalani mama amepata habari za msiba. Anapiga mayowe, anatetemeka, anasikia joto likimpanda kutoka kifuani hadi kichwani, pengine anaanguka kama aliyezimia. Watu wake hawashangai. Wanajua amezidiwa, wanamshika, wanampepea, wanakaa naye hadi atulie. Daktari asiyejua atadhani ni kifafa, au ni wazimu. Kuna na "susto", yaani hofu ya ghafla ambayo watu wa Meksiko na Amerika ya Kati wanaamini huifukuza roho ya mtu mwilini, akabaki anakonda na kukosa usingizi. Kuna na "nervios" tupu, ile hali ya mtu kuishi na wasiwasi miaka nenda miaka rudi.

Msidhani haya ni porojo za wazee. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kina kitabu kikubwa cha kutambulisha maradhi hayo, na toleo lake la nne, la mwaka 1994, liliyaorodhesha majina hayo. Toleo la tano, la mwaka 2013, liliongeza mahojiano ya maswali 16 ambayo daktari anaweza kumuuliza mgonjwa: wewe mwenyewe tatizo lako unalieleza vipi, watu wa kwenu wanaliitaje, unadhani limesababishwa na nini, na nani kati ya watu wako anayekusaidia. (Katika orodha ya toleo hilo limo pia neno la Wabantu wenzetu, Washona wa Zimbabwe: "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Nilipolikuta nilifurahi kama nimekutana na binamu ugenini.) Kwa hiyo wakubwa wa taaluma yenyewe wamekiri kwamba ni daktari anayepaswa kuuliza, si mgonjwa kubahatisha.

Mimi hili silisemi kwa vitabu pekee. Nilipokuwa darasa la sita nilimsindikiza nyanya yangu kliniki. Nyanya hajui Kiingereza, na Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi, kwa hivyo mkalimani nilikuwa mimi. Aliongea mengi. Alisema tangu babu afariki hapati usingizi, kwamba usiku humsikia akimwita, na kwamba siku nyingine hutamani kumfuata. Niliona haya. Daktari alikuwa amekaa pale na kalamu yake, foleni ilikuwa ndefu, na mimi sikujua maneno kama hayo mtoto anayasemaje mbele ya mtu mzima. Nikasema, "Anasema kichwa kinamuuma." Tukapewa tembe za maumivu, tukarudi nyumbani. Nyanya yupo hadi leo, namshukuru Mungu, lakini sijawahi kumwambia nilichofanya.

Watoto wengi wa Walatino wamefanya kazi hiyo hiyo. Mtoto wa miaka kumi anatafsiri mbele ya daktari kwamba baba anakunywa na kumpiga mama, na baba mwenyewe amekaa hapo hapo! Atasema? Au mama anataka kusema kwamba amechoka kuishi. Atamwambia nani, mwanawe? Ndiyo sababu mwaka 2016 serikali ya Marekani ilitoa kanuni chini ya sheria ya afya ya mwaka 2010, kwamba hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zisimtegemee mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura, pale ambapo hakuna mtu mwingine. Nilipoisoma kanuni hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Basi ni kutafuta wakalimani wazima na yamekwisha? La. Mkalimani hubeba maneno, hawezi kubeba kila kitu. Dawa kubwa ya maradhi haya ni mazungumzo yenyewe, wiki baada ya wiki, na mazungumzo ya siri kupitia mtu wa tatu ni kama kunywa chai kupitia kitambaa. Wanaotakiwa ni wataalamu wanaoijua lugha, nao ni haba mno. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani kilichunguza mwaka 2015 kikakuta kwamba katika kila wanasaikolojia 100, wanaoweza kutoa huduma kwa Kihispania ni kama 5 na nusu tu. Takwimu za serikali yao za mwaka 2020 zilionyesha kwamba katika kila Walatino wazima 100 wenye ugonjwa wa akili, waliopata matibabu ni kama 35; kwa Wazungu walikuwa kama 52. Sababu ni nyingi. Kuna kukosa bima, kuna umaskini, kuna wasiokuwa na vibali wanaoogopa kwamba kuandikisha jina hospitalini ni kujipeleka kwa maafisa wa uhamiaji. Na kuna aibu.

Hapo kwenye aibu ndipo upande wa pili ungeniuliza: kwani aibu nayo si mila? Mbona hiyo usiseme iachwe mlangoni? Swali zuri. Walatino wana msemo kwamba nguo chafu hufuliwa nyumbani. Mambo ya familia hayatolewi nje. Mwanamume naye amelelewa kujua kwamba kulia ni kazi ya wengine, na akizidiwa, chupa ipo. Sisi tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tunasema hivyo kwa sababu na sisi tunayaficha!

Sasa, watu wa namna hiyo unawafikia vipi? Unaweza kuwatolea hotuba kwamba mila zenu zimepitwa na wakati. Watakusikiliza kwa adabu na hawatarudi. Ama unaweza kupitia mlango wao wenyewe. Huko wako kina mama waitwao "promotoras", wanawake wa mtaa ule ule, waliofunzwa habari za afya, wanaokwenda nyumba kwa nyumba. Promotora haanzi na fomu. Anakaa jikoni, anaulizia watoto, anakunywa kahawa, na maneno yanakuja yenyewe baada ya imani kujengeka. Imani hiyo wao huiita "confianza", na bila hiyo hupati kitu. Sisi ambao tumefundishwa kuwa hodi hutangulia shauri, hatuhitaji kufafanuliwa.

Kuna pia vijitabu vya hadithi za picha, "fotonovela", vinavyopendwa sana na wasomaji wa Kihispania. Ni picha halisi za watu na maneno yametoka midomoni mwao, mapenzi na machozi tele. Watafiti huko Marekani waliitumia moja iitwayo Secret Feelings, inayohusu mama anayeugua sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Waliosoma kijikaratasi cha kawaida na waliosoma fotonovela, wote walijifunza ugonjwa ni nini. Lakini aibu ya kutafuta matibabu na ya kumeza dawa ilipungua zaidi kwa wale wa fotonovela. Kumbe ile mila ya kupenda hadithi ilitumiwa kuitoa mila ya kuficha. Hiyo ndiyo akili.

Na hapa, Mheshimiwa Spika, nitoe hoja ambayo ningalikuwa nayo siku ile tusingalishindwa.

Mwaka 1998 mtafiti William Vega na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya katika wilaya ya Fresno, California, eneo la mashamba. Waliwahoji watu wapatao 3,000 wenye asili ya Meksiko. Ungedhani wenye shida nyingi ni wale waliohama juzi, maskini, hawajui Kiingereza, wanavuna zabibu juani. Ikawa kinyume! Katika kila 100 waliozaliwa Meksiko, waliowahi kupata ugonjwa wa akili au uraibu maishani mwao walikuwa kama 25. Kwa waliozaliwa Marekani, ambao Kiingereza wanakisema kwa ulaini wa siagi, walikuwa kama 48. Tena hata kati ya wahamiaji, waliokaa Marekani miaka mingi walizidi waliokuja karibuni.

Sitaki nidanganye. Wataalamu hawajakubaliana sababu ni nini. Pengine wanaohama ni wale wenye nguvu. Na uchunguzi wa Margarita Alegría na wenzake uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba jambo hilo ni la watu wa Meksiko zaidi. Kwa watu wa Puerto Rico halikuonekana. Lakini hata ukipunguza chochote unachotaka kupunguza, ile picha ya kwamba mtu akishaacha lugha na desturi zake mlangoni mambo yatamnyookea, haipo. Aliyeacha familia, kanisa, lugha ya bibi yake na chakula cha kwao, halafu akapokewa ndani kwa kubaguliwa, amevua koti la zamani na jipya hakupewa.

Sasa niwape utamu wenyewe, kwa sababu hiki ni chama cha Kiswahili na tunapenda methali kuliko wali.

Mwaka 1996 mwanasaikolojia Aaron Aviera aliandika kuhusu kikundi cha wagonjwa wa akili wasemao Kihispania waliolazwa hospitalini. Wengi walikuwa wagumu kuongea. Mbinu yake ilikuwa "dichos", yaani methali za Kihispania. Inaletwa methali, wagonjwa wanaulizwa maana yake, na kama iliwahi kuwatokea. Mtu asiyetaka kusema "mimi nimeharibikiwa" anaweza kuijadili methali, maana methali ni ya wote, hamna anayeshtakiwa. Mara anajikuta anajisimulia mwenyewe. Kabla yake, mwaka 1992, mtaalamu mwingine, María Zuniga, alikwisha kuandika juu ya kutumia methali hizo hizo katika ushauri.

Na methali zenyewe mngezitambua upesi. Wanasema kila kichwa ni ulimwengu. Sisi husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wanasema asiyesikia ushauri hafiki uzeeni. Sisi, eti, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wanasema niambie unaandamana na nani nami nitakuambia wewe ni nani. Fikirieni methali hiyo ya mwisho mbele ya kijana anayejaribu kuacha heroini na marafiki zake wote bado wanadunga. Hakuna hotuba itakayomgusa hivyo, kwa kuwa methali hiyo aliisikia kwa mama yake kabla hajajua heroini ni nini.

Watoto nao hawakusahauliwa. Mwaka 1986 Giuseppe Costantino, Robert Malgady na Lloyd Rogler walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa asili ya Puerto Rico mjini New York. Walichukua ngano za Puerto Rico, wakawasomea watoto wenye matatizo pamoja na mama zao, wakazijadili, wakaziigiza. Wasiwasi wa watoto hao ulipungua kuliko wa wenzao waliopata tiba ya kawaida. Ngano! Zile tunazoambiwa na watu fulani hapa shuleni kuwa ni za darasa la kwanza, ati tukazane na fizikia.

Mniwie radhi, nimejisahau. Niingie kwenye uraibu, ambako mambo hayakwenda kwa upole wa methali.

Mwaka 1970 South Bronx, New York, mtaa wa Wapuerto Rico na Weusi, ulikuwa umezama katika heroini. Hospitali ya huko iliitwa Lincoln. Jengo lilikuwa limechakaa, na wenyeji waliipa jina la utani la bucha. Vijana wa Kipuerto Rico wa kundi la Young Lords, wengi wao wa umri usiozidi sana wetu, waliingia tarehe 14 Julai wakalikalia jengo kwa saa kadhaa wakidai huduma za utu. Mnamo Novemba walirudi pamoja na wanaharakati wengine na waraibu wenyewe, wakalishika eneo moja la hospitali na kuanzisha kituo cha kuwaachisha watu heroini, kilichojulikana kama Lincoln Detox. Mwanzoni walitumia methadoni kwa kuipunguza kidogo kidogo. Baadaye wakajifunza tiba ya Kichina ya sindano, zile za sikioni. Waliohudumu walikuwa watu wa mtaa, wengine wao waliowahi kuwa waraibu, na mgonjwa alizungumziwa kwa lugha yake, akapewa na darasa la siasa juu ya kwa nini heroini imejaa mtaani kwake na si kwa matajiri. (Mashabiki wa Tupac, kaeni macho: baba yake wa kambo, Mutulu Shakur, alikuwa mmoja wa waliofanya kazi pale.) Mwaka 1978 serikali ya jiji iliwaondoa kwa polisi. Tiba ya sindano ilibaki na ikasambaa, ingawa majaribio ya baadaye juu ya nguvu zake yalitoa majibu yanayopingana.

Mimi sisemi tukalie hospitali, mwalimu wa zamu asije akanisoma vibaya. Nasema tu kwamba watu wale hawakupewa huduma ya kuwafaa kwa hisani. Waliidai. Na kilichowavuta waraibu, nijuavyo mimi, hakikuwa sindano peke yake. Ni kuingia mahali na kukuta uso unaofanana na wa shangazi yako.

Lakini uso wa shangazi nao unaweza kudanganya, na hapa ndipo nawakosoa hata wa upande wangu. Mwaka 2015 mwandishi wa redio mjini Chicago, Adriana Cardona-Maguigad, alifichua habari ya waraibu wa heroini kutoka Puerto Rico waliokuwa wakipewa tiketi ya ndege ya kwenda tu. Waliahidiwa vituo vizuri vyenye wauguzi. Walipofika, wengi waliingizwa katika nyumba zisizo na leseni, hamna daktari, hamna methadoni, ila kukusanywa chumbani kufokewa. Wengine vitambulisho vyao vilichukuliwa. Wakaishia kulala mitaani katika baridi ya Chicago. Na nyumba zile ziliendeshwa kwa Kihispania, na Walatino wenyewe! Lugha ilikuwepo, mila ilikuwepo, imani ya "hawa ni watu wetu" ilikuwepo. Tiba ndiyo haikuwepo. Imani hiyo ndiyo iliyotumiwa kuwanasa.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba mila inatosha, naye nampinga. Mwenye uraibu wa heroini anahitaji dawa zinazojulikana kufanya kazi, methadoni au buprenofini, na mtu wa kumfuatilia. Mwenye kusikia sauti anahitaji daktari. Akitaka pia kwenda kwa "curandera", mganga wa kwao, apanguswe kwa yai na kuombewa, daktari mwenye busara hamcheki. Atamuuliza amepewa mitishamba gani, asije akachanganya na tembe zake. Mgonjwa akichekwa, mitishamba ataendelea kunywa. Atakachoacha ni kumwambia daktari.

Na mambo haya hayajatulia. Mwaka 2022 Marekani ilifungua namba 988 ya simu kwa mtu aliyefikia kutaka kujiua. Ujumbe mfupi kwa Kihispania uliongezwa mwaka 2023, mwaka mzima baada ya wa Kiingereza. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwasaidia wasiojua Kiingereza vizuri, ilifutwa Machi 2025 na amri nyingine iliyofanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya nchi. Sheria ya haki za kiraia ya mwaka 1964 ingalipo, lakini mnaona upepo unavyovuma. Hoja yetu ya muhula wa pili, kumbe, wanaibishania watu wazima, na wanaopiga makofi ni wengi.

Nimemwomba katibu wa chama airudishe hoja hiyo muhula ujao. Amesema ataangalia, ambalo ni jibu la makatibu wote. Msemaji wa kidato cha pili nimemwekea nakala ya makala haya ndani ya dawati lake. Na likizo ikianza, nikifika kwa nyanya, nitamuuliza tena alichosema siku ile kliniki, na safari hii nitakaa chini nimsikilize hadi amalize.